Fundi kanituma chai Jumamosi nne mfululizo, kila nikirudi ziwa limeshang'aa. Ananificha nini?

#1 Brashi Kavu
Mwangaluka wakuu.

Mwenzenu nimefika mahali sielewi kama najifunza au nafugwa. Mimi ni karani tu hapa Mwanza, ila uchoraji ni ugonjwa nilionao tangu shule ya msingi. Mwaka huu nikasema basi, video nimetazama mpaka macho yameuma, ngoja niende kwa wachoraji wenyewe nikae nione mkono unavyokwenda.

Nikapata mzee mmoja, jina siweki hapa na nyie msibahatishe. Kibanda chake ni cha mabati, kule Mabatini juu kwenye mawe. Anachora ziwa: mawe, mtumbwi, jua linazama. Tukakubaliana elfu kumi kila Jumamosi, nakaa naye kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa.

Kusema kweli ananifundisha. Kusugua hadibodi kwa msasa, kupaka andakoti nyeupe mara mbili, kusubiri ikauke mpaka kucha isiache alama. Anga anachora mbele yangu. Mawe anachora mbele yangu, tena anasimama kunieleza kwa nini jiwe la Mwanza halichorwi kijivu peke yake. Tukifika kwenye maji, pale penye mwanga wa jioni unaometa, anaweka brashi chini: "Ng'wanawane, hebu kaniletee chai kwa yule mama pale chini."

Kushuka zile ngazi za mawe na kupanda tena na kikombe cha moto ni dakika ishirini. Nikirudi, maji yanawaka. Yaani unataka kukunja suruali uingie.

Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Mara ya pili nikatilia shaka. Jumamosi hii ilikuwa ya nne.

Nilichokuta kila nikirudi: harufu ya mafuta ya taa, kitambaa kina njano, na kadi ya zamani ya vocha ya simu ina rangi ukingoni. Wajuzi nipeni maana. Anafanyaje? Na kwa nini hataki nione?

#2 Dagaa Kauzu
Hii ni chai.

#3 Shangazi wa Kirumba
@Dagaa Kauzu umesoma lakini? Chai ndiyo mada yenyewe, baba 😂

Navuta kiti.

#4 Tina na Msasa
Mkuu, nimeandika mabango na kuchora kuta za saluni na mabucha miaka kumi na saba, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi. Hiyo kadi imeshakueleza kila kitu, wewe tu hujaisikiliza.

Chini pana andakoti nyeupe iliyokauka kabisa, si ndiyo? Juu anapaka bluu nzito ya mafuta. Kabla haijashika anachukua ukingo wa kadi na kukwangua mistari mifupi ya kulala. Nyeupe ya chini inatokeza. Mwanga wa kwenye maji hajaupaka, ameufukua. Ndiyo maana anakutuma haraka: rangi ikianza kushika tu, kadi inararua badala ya kukwangua. Hana nafasi ya kukueleza huku anafanya.

Njano kwenye kitambaa ni ya kupitishia juu kidogo, jua lipate joto.

Nakuonya jambo moja. Mafuta ya taa kwenye rangi ya mafuta ni umaskini, siyo siri. Inalainika vizuri lakini inachelewa kukauka na inakuwa na utandu. Tumia tina au tapentaini. Na usije ukapaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta iliyokauka ukitegemea itakaa, itabanduka kama ngozi ya nyoka. Nilishalipa bango la watu kwa kosa hilo.

#5 Brashi Kavu
@Tina na Msasa wabeja sana. Lakini kuna jambo moja: kadi ina rangi NYEUPE ukingoni. Angekuwa anakwangua bluu si ingekuwa na bluu?

#6 Tina na Msasa
Mh.

Basi anagonga. Anachovya ukingo kwenye nyeupe, anagongesha juu ya bluu mbichi, mistari inatoka myembamba kuliko brashi yoyote unayoweza kununua mjini. Hiyo nayo tunaifanya kwenye herufi zenye kung'aa. Ila ungeangalia upande wa pili wa kadi.

#7 Bagalu Damu
Mnahangaika na kadi, swali la pili ndilo lenye uzito.

Nimekaa kwa fundi wa ngoma miaka miwili enzi za ujana wangu. Mwaka mzima wa kwanza kazi yangu ilikuwa kuloweka ngozi usiku, kuamka kuikuna manyoya, kuchota maji, na kufagia. Hakuna aliyeniita mwanafunzi. Siku moja mzee akanipa kamba mbichi akasema vuta. Nikavuta. Akasema legeza. Nikalegeza. Basi, hilo ndilo lilikuwa somo, na nililielewa kwa sababu mikono ilikuwa imeshaishi na ile ngozi mwaka mzima.

Kijana, Jumamosi nne ni nini? Huyo mzee anakupima. Ufundi zamani ulikuwa na utaratibu wake: unakaa, unatumwa, unavumilia, siku ya kuhitimu unatoa kilemba cha fundi. Sasa nyie mnakuja na elfu kumi mnataka mbeleko na mtoto.

#8 Mchumi wa Buhongwa
@Bagalu Damu kwa heshima, mzee wangu, huo ni unyonyaji uliovaa kanzu. Mtu analipa! Elfu kumi mara nne ni elfu arobaini, chai juu (chai analipa nani @Brashi Kavu?). Kama ni mkataba, somo ni somo. Kama anapima uvumilivu, asipokee hela.

#9 Brashi Kavu
Chai nalipa mimi.

#10 Dagaa Kauzu
Narudia: hii ni chai. Tena ya kulipia.

#11 Mjukuu wa Mfinyanzi
Nimecheka lakini nimekumbuka mbali.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi upande wa Sengerema. Watu walikuja kutazama, hasa wanawake walioolewa pale kijijini wanaotaka kujifunza. Aliwaonyesha kuponda udongo, aliwaonyesha kusaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya ili chungu kipya kisipasuke, aliwaonyesha kuvuta mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu. Siku ya kuchoma, hapana. Alikuwa anachoma kabla hakujapambazuka, na mimi mjukuu peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kubeba majani na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nilikatazwa hata kuitikia mtu akinisalimia njiani.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema jicho la mgeni linaingia kwenye udongo, chungu kinalia. Kulia ndiyo ule mlio wa kupasuka.

Na siyo hadithi. Siku moja jirani alipita akasimama, akasema "hee, vingi safari hii!" Vilipasuka vitatu.

#12 Kidato cha Sita PCM
@Mjukuu wa Mfinyanzi pole kwa vyungu, lakini jicho la jirani halina joto. Chungu kisichokauka vizuri kina maji ndani ya udongo. Joto likivuka nyuzi 100 maji yanakuwa mvuke, mvuke ukikosa njia unapasua ukuta. Tena mchanga wenye kwatzi unabadilika ukubwa ghafla kwenye nyuzi 573, ukipandisha au kushusha moto haraka hapo, kwaheri. Vile vigae vya kusaga alivyoweka bibi vinasaidia hasa kwa mambo hayo. Alikuwa mwanasayansi bila kujijua.

Alfajiri upepo wa ziwani haujaamka. Moto hauyumbi. Hiyo ndiyo siri ya alfajiri.

#13 Mjukuu wa Mfinyanzi
@Kidato cha Sita PCM asante mwanangu. Upepo ulikuwa haujaamka na vilipasuka. Jirani ndiye aliyekuwa ameamka.

#14 Shangazi wa Kirumba
Weeee 😂😂 kidato cha sita amekalishwa.

#15 Ndoano
Wasanii wetu wachoyo tu, tusizunguke. Ndiyo maana sanaa haikui. Tingatinga alikuwa Mmakonde wa Mtwara, alianza miaka ya hamsini, alifundisha kila aliyepita barabarani bure, leo dunia nzima inamjua. Huyu wa Mabatini anaficha mistari ya kadi.

#16 Mwalimu Chaki
@Ndoano umepuyanga karibu kila mahali. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru. Kupaka rangi alianza Dar mwishoni mwa miaka ya sitini, 1968 hivi, na 1972 akafariki kwa risasi ya polisi. Yaani kazi yote hiyo ni ya miaka minne hivi. Na hakufundisha wapita njia. Aliwachukua ndugu na watu wa kwao, akina Kasper Tedo, Simon Mpata, January Linda, wakakaa naye, wakapaka naye, wakauza naye pale Morogoro Stores, Oysterbay. Ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ulikuja kuandikishwa 1990, yeye hayupo miaka mingi.

Kwa hiyo mfano wako unageuka: alifundisha ukoo. Wa nje waliingia baadaye.

#17 Ndoano
Sawa mwalimu, nimekubali tarehe. Uchoyo sijaondoa.

#18 Tina na Msasa
Halafu Tingatinga mwenyewe rangi yake ilikuwa ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Umaskini tena. Kwa hiyo nafuta maneno yangu makali kuhusu mafuta ya taa, nusu.

#19 Kapu la Sato
Mimi wale chui wa Tingatinga wananitazama kama wananidai. Naomba niulize nje ya mada, hadibodi siku hizi inapatikana wapi hapa mjini iliyonyooka? Ninazonunua zimepinda kama kaukau.

#20 Tina na Msasa
Andakoti paka pande zote mbili, mkuu. Ukipaka mbele tu, nyuma inanyonya unyevu peke yake, lazima ipinde.

#21 Kaka wa Nansio
Nasoma tangu asubuhi nipo kwenye meli narudi Ukerewe.

Baba yangu anaunda mitumbwi. Nimekua chini ya mitumbwi, nimelala ndani ya mitumbwi ambayo haijamalizika. Watu wanakuja kujifunza, wengine kutoka vyuoni na daftari. Baba hafichi chochote. Anaonyesha mbao, anaonyesha kupinda, anaonyesha kutia kalafati, kushindilia pamba kwenye maungio. Sasa ikifika kuulizwa "unajuaje pamba imetosha?" anasema "inasema". Mwanafunzi anaandika kwenye daftari: inasema.

Nilidhani anawatania. Nimefanya kazi naye miaka tisa ndipo nikasikia. Nyundo ikigonga patasi, mlio unabadilika, unakuwa mkavu. Huwezi kumweleza mtu mlio mkavu. Na baba hakuwahi kunieleza mimi pia.

Kwa hiyo @Brashi Kavu pengine mzee hakufichi. Hajui anavyofanya. Akikuona unatazama anaanza kufikiri mkono wake unakwendaje, na mkono ukifikiriwa unakwama. Jaribu kushuka ngazi huku unahesabu miguu.

#22 Mchumi wa Buhongwa
Huyo anayeshuka ngazi ni @Brashi Kavu, na ana kikombe cha moto.

#23 Bukoba Kwetu
Wa Kagera tunaweza kuchangia?

Miaka michache nyuma nilivuka Mutukula nikaenda Masaka kujifunza nguo ya gome la mti, maana kwetu zilivaliwa na wazee wetu ila sikumpata mtu wa kunionyesha. Unesco waliitangaza ile ya Buganda 2005. Nilikaa siku tatu. Wanachubua gome la mutuba, shina wanalifunika kwa majani ya mgomba ili lipone litoe gome jingine mwakani, kisha kazi ya nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mifereji minene mpaka myembamba. Nilionyeshwa kila kitu, na nilipewa nyundo. Nguo yangu ilitoka na matundu kama chandarua kilichokula moto. Yule fundi alinipigia makofi.

Nataka kusema kuonyeshwa si kujua. Hata ungemwona huyo mzee akichora yale maji, bado usingeweza.

Na hili la siri lina hasara yake. Miaka ya sabini mtafiti Peter Schmidt aliomba wazee wa kwetu wajenge tena tanuri la kuyeyusha chuma. Kazi ilikuwa imelala miongo mingi, majembe ya dukani yalishaiua. Wazee wakalazimika kukumbushana, huyu ana kipande, yule ana kipande. 1978 yeye na mwenzake Avery wakaandika kwamba babu zetu walifikia joto kali sana kwa sababu mabomba ya udongo yaliingia ndani ya tanuri, hewa ikapata moto kabla haijakutana na makaa. Wangechelewa kidogo tu wasingekuta mtu wa kuuliza.

#24 Kidato cha Sita PCM
@Bukoba Kwetu hilo la hewa kupata moto kwanza wataalamu wengine walilipinga, siyo jambo lililokwisha.

#25 Bukoba Kwetu
Najua. Chuma kilitoka lakini.

#26 Jiwe Juu ya Jiwe
Mnasahau kwamba hapa kwetu Usukumani kuchora na kuficha vilikuwa kitu kimoja. Wayeye, chama cha wacheza nyoka, walikuwa na michoro ndani ya nyumba zao, ukutani. Anayeiona ni aliyeingizwa na kutoa ada. Hans Cory, yule Mwaustria aliyekuwa mtafiti wa serikali ya kikoloni, aliandika habari za michoro hiyo 1953, ndiyo watu wa nje wakaijua. Fikiria, mchoro wenyewe umefichwa, siyo namna ya kuuchora tu.

Na wafua chuma, Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo, tanuri lao lilikaa mbali na watu na lilikuwa na miiko mingi kuliko hospitali. Kwa hiyo bibi wa Sengerema hakuwa peke yake. Huyo mzee wa Mabatini labda hana habari na hayo yote, lakini amelelewa humu humu.

#27 Ndoano
Basi @Brashi Kavu aende makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Ilemela akaone vitu vya wazi, amuache mzee na chai yake.

#28 Bagalu Damu
@Ndoano wewe na mahali hamuelewani. Bujora ipo Kisesa, wilaya ya Magu, barabara ya Musoma. Kama kilomita ishirini kutoka mjini. Makumbusho aliyaanzisha Padre David Clement, Mkanada, miaka ya hamsini. Aende Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, yale makundi mawili ya Bagika na Bagalu wakishindana, atajifunza kitu kingine: mganga wa ngoma hamfichi mpinzani mtindo wake tu, anamficha hata siku ya mazoezi. Na wananchi wote wanatazama siku ya mashindano. Siri na uwanja vinakaa pamoja.

#29 Mtoto wa Makoroboi
Mie nimezaliwa Makoroboi, jina lenyewe limetokana na mafundi wa koroboi. Pale unatengeneza taa kwenye njia ya watu, mia wanapita, mia wanaona, kila hatua iko wazi. Mbona hakuna aliyeiba? Kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa pale juani siku nzima agonge bati. Siri kubwa ya fundi ni kuchosha.

#30 Dada Turubai
Naomba niongee kama mtu wa upande wa pili, maana mnamjadili fundi kana kwamba ni jabali.

Mimi nachora. Nyumbani, sebule ndiyo karakana. Natumia kitambaa cha marekani nilichokivuta mwenyewe kwenye fremu na kukipaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, maana kanvasi ya dukani ni hela ya kodi. Nimepokea "wageni wa kujifunza" wengi. Nawapenda. Mmoja alikuja miezi mitatu, mpole, anaosha brashi bila kuombwa. Nilimwonyesha kila kitu, hadi ninavyochanganya kijani cha magugumaji, kitu kilichonichukua miaka. Mwezi wa nne nikakuta picha zangu zinauzwa kwenye meza ya mtu, siyo zangu, lakini ni zangu. Nusu bei. Mteja aliyekuwa ameniagiza mbili akanipigia kuuliza kwa nini mimi ni ghali.

Sijamchukia. Alikuwa na njaa, nami nilikuwa na njaa. Lakini tangu siku hiyo kile kijani nakichanganya usiku.

Elfu kumi ya @Brashi Kavu inanunua Jumamosi ya mzee. Mzee amepiga hesabu akaona maji yale yanamlisha wiki. Huo ni uchoyo?

#31 Ndoano
Dada hapo umenigusa. Nanyamaza kwa leo.

#32 Shangazi wa Kirumba
Kumbe anaweza.

#33 Mwalimu Chaki
Nirudi kwenye ufundi, maana nahisi wote mmetazama mahali pasipo.

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 15 walikuwa na njia ya kupitisha rangi nyembamba sana, inayoonyesha cha ndani, juu ya rangi nyeupe au hafifu iliyokauka. Mwanga unapita ile ya juu, unagonga nyeupe, unarudi. Kitambaa chenye njano na mafuta ya taa kinaweza kuwa ndicho hicho kwa bei ya Mabatini. Lakini inataka chini pawe pamekauka.

Njia ya pili ndiyo inayonisumbua. Maji hayang'ai kwa kuongezwa nyeupe. Yanang'aa kwa kuwa kilicho jirani kimetiwa giza. Chukua karatasi, paka kijivu, zungushia nyeusi, kile kijivu kitaonekana cheupe. @Brashi Kavu, kila ukirudi na chai unatazama maji. Umewahi kutazama mawe? Pengine mzee wakati huo hayagusi maji kabisa. Anatia mawe giza. Kadi na kitambaa ni vya kukupoteza.

#34 Brashi Kavu
Mwalimu umenitoa jasho.

Jumamosi ya tatu nilipiga picha ya simu kabla sijashuka, na moja niliporudi. Nimezifungua sasa hivi, nimezipanua mpaka zimekuwa viraka. Jiwe la kushoto LIMEKUWA JEUSI zaidi. Au wingu lilipita juu ya bati. Au simu imejirekebisha. Mke wangu anasema picha zote mbili ni sawasawa na nizime taa.

#35 Kapu la Sato
Wakati wa picha ya pili mzee alikuwa anafanya nini?

#36 Brashi Kavu
Anakunywa chai.

#37 Vanishi ya Mninga
Mmemaliza wote? Ni vanishi. Anapitisha vanishi kwenye maji tu, mawe anayaacha bila. Ukisogeza kichwa pembeni maji yanameta, mawe yamelala. Hakuna Ulaya hapo. @Brashi Kavu ulitazama ukiwa umesimama pembeni?

#38 Tina na Msasa
@Vanishi ya Mninga kwenye rangi mbichi? Ndani ya dakika ishirini? Itakunjamana kama maziwa ya moto yenye malai.

#39 Vanishi ya Mninga
Wewe uliyesema kadi imekwangua bluu ikatoka nyeupe unanifundisha mimi?

#40 Shangazi wa Kirumba
Jamani jamani. Picha ya mtu mmoja hiyo.

#41 Brashi Kavu
Marejesho, wakuu. Jana ilikuwa Jumamosi ya tano.

Nilifuata ushauri wa mke wangu, ambaye hayumo humu. Nilikwenda na chupa ya chai. Lita moja, tangawizi, vikombe viwili. Mzee akaitazama ile chupa, akanitazama, akacheka mpaka akakaa. Hakusema kitu. Akachora anga, akachora mawe, saa saba tukafika kwenye maji. Nikammiminia. Akanywa cha kwanza, akanywa cha pili. Kisha akavua kofia akaanza.

Nimeona yote, mwanzo mpaka mwisho, nilikuwa umbali wa mkono. Bluu nzito, halafu kijani kidogo chini ya mtumbwi. Kadi akaichovya nyeupe, akagonga (@Tina na Msasa ile ya pili ulipatia), sehemu nyingine akaigeuza akakwangua (na ya kwanza pia). Kitambaa akakilowesha mafuta ya taa, akakigusisha njano, akapitisha juu taratibu. Halafu akachukua brashi ndogo akarudi kwenye mawe, akatia giza pale yanapokutana na maji. Mwalimu, nilikukumbuka. Vanishi sikuiona.

Shida ni kwamba halikung'aa.

Sitanii. Lilikuwa ziwa, lina maji, lina jua, lakini limelala kama sahani. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama, akaongeza nyeupe, likazidi kufa. Akasema, "Leo halijaja." Akaigeuzia ile hadibodi ukutani, akanirudishia elfu tano, nikakataa, akaniwekea mfukoni.

#42 Mjukuu wa Mfinyanzi
Mimi sisemi kitu.

#43 Kidato cha Sita PCM
Jana kulikuwa na mawingu tangu saa sita na unyevu ulikuwa juu. Rangi ya mafuta haishiki vizuri hewa ikiwa hivyo. Tena kibanda cha bati, mwanga wenyewe wa kuchorea unabadilika.

#44 Kaka wa Nansio
Mkono umefikiriwa.

#45 Dada Turubai
Au ameharibu makusudi, na elfu tano amerudisha kwa sababu hiyo. Ningekuwa mimi ningerudisha yote kumi.

#46 Bagalu Damu
Amekuvulia kofia, kijana. Hilo hamkulisoma? Ananiudhi mtu anayesema ameharibu makusudi.

#47 Dagaa Kauzu
Tangawizi. Mzee kazoea chai ya rangi ya yule mama.

#48 Mwalimu Chaki
@Brashi Kavu yale mawe aliyatia giza KABLA au BAADA ya kitambaa? Ni muhimu sana.

#49 Brashi Kavu
Baada. Nafikiri baada. Nilikuwa natazama maji.

#50 Kapu la Sato
Samahani, ile iliyogeuziwa ukutani anaiuza? Hadibodi yake imenyooka?